Maandishi Yachezayo Juu ya Video

Je, jina la chama laweza kucheza juu ya video bila kuwafunika waigizaji? Naam, sikizeni. Kila nukta ya picha ina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Picha yenye uwazi huongezewa ya nne, alfa. Kwa kawaida, alfa ikiwa 0 nukta haionekani hata chembe. Ikiwa 255 imeziba kabisa. Sasa, MP4 tuliyoizoea haibebi alfa, na mara nyingi nyuma ya maandishi hubaki nyeusi tititi! Basi hifadhi kwa ProRes 4444 au mfululizo wa picha za PNG. Maandishi yapange mstari wa juu, video chini. Kizuri chajiuza, lakini kikifunikwa nani atakiona?