Ukitaka Kumjua Babu, Lifuate Shamba Lake

Anayetafuta ukoo wake wa Uingereza kwa kawaida huanzia kwenye vitabu vya kanisa. Ni mwanzo mzuri, maana parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538. Ila kitabu cha kanisa hakisemi zaidi ya kwamba mtu alizaliwa, akaoa, akafa. Kama babu huyo alikuwa yeoman, yaani mkulima aliyemiliki shamba lake, asiye bwana mkubwa wala kibarua, sehemu kubwa ya maisha yake imeandikwa kwenye hati za ardhi. Humo utamkuta akikopa, akiozesha binti, akimgawia mwana wa pili kipande cha malisho.

Tafuta mahali kwanza, jina baadaye. Babu, baba na mwana huenda wote waliitwa John na wakaishi kijiji kimoja, lakini shamba hubaki na jina lake karne mbili au tatu. Jina la shamba mara nyingi utalipata kwenye wosia. Kabla ya mwaka 1858 wosia zilithibitishwa katika mahakama za kanisa. Zile za mahakama kuu ya askofu mkuu wa Canterbury, ambako wenye mali nyingi walipeleka wosia zao, ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London. Nyingi za mahakama ndogo ziko katika hifadhi za kaunti.

Ukishalijua shamba, usikimbilie ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi. Ofisi hiyo ilianza mwaka 1862, na usajili wa lazima haukuenea England na Wales yote hadi Desemba 1990. Kwa karne nyingi hati zilikaa kwenye kasha la mwenye shamba au kwa wakili wake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1925 ilipotaka muuzaji aonyeshe historia ya miaka 30 tu, hati za kale zikakosa kazi, na nyingi zikatupwa. Zilizookolewa ziko katika hifadhi za kaunti, na orodha zake nyingi zinatafutika bure kupitia katalogi ya mtandaoni ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Andika jina la parokia na la shamba, kisha ndipo ujaribu jina la ukoo.

Wenye bahati ni wale ambao babu zao walitoka Yorkshire au Middlesex. Huko kulikuwa na daftari za umma ambamo muhtasari wa hati uliandikwa: katika Yorkshire, West Riding tangu 1704, East Riding tangu 1708 na North Riding tangu 1736; Middlesex tangu 1709. Daftari hizo zina faharasa za majina, ingawa si kila hati ilisajiliwa.

Jambo la kuamua mapema ni aina ya ardhi. Kama ilikuwa huru kabisa, tafuta hati za mauzo. Kama ilishikwa kwa desturi chini ya bwana wa eneo, ilihamishwa katika baraza la bwana huyo, na kumbukumbu za baraza ndizo hati zako. Mfumo huo ulifutwa rasmi tarehe 1 Januari 1926. Kumbukumbu hizo ni hazina kwa mtafiti wa ukoo, kwa sababu mshika ardhi alipofariki, baraza liliandika kifo chake na kumtaja mrithi. Usidhani mrithi ni kifungua mimba siku zote. Katika Kent, ardhi isiyo na wosia iligawanywa sawa kwa wana wote wa kiume. Katika maeneo mengi ya Sussex ilikwenda kwa kitinda mimba.

Sasa hati yenyewe. Tangu karne ya 17 hadi miaka ya 1840, mauzo mengi yalifanywa kwa hati mbili za tarehe zinazofuatana. Ya kwanza inasema ardhi imekodishwa mwaka mmoja kwa shilingi 5. Hiyo ilikuwa mbinu ya mawakili tu. Bei halisi iko kwenye ya pili. Ukiona ardhi imekodishwa kwa miaka 500 au 1,000, kuna uwezekano mkubwa huo ni mkopo uliowekewa shamba rehani. Na ukikuta babu yako "ameshtakiwa" katika mahakama ya Westminster na mara moja akapatana na mshtaki, hapakuwa na ugomvi: ilikuwa njia ya kuuza iliyotumika hadi 1833. Ekari na fedha zilizotajwa humo usiziamini sana. Thamani yake iko kwenye jina la mke, kwani mjane alikuwa na haki katika theluthi ya ardhi ya mumewe, hivyo mke alitajwa na kuhojiwa peke yake kama ameridhia.

Kipengele cha kusoma pole pole kuliko vyote ni kile kinachoanza na maneno yenye maana ya "kwa kuwa". Hapo wakili anaeleza jinsi ardhi ilivyomfikia muuzaji: wosia wa babu, ndoa ya shangazi, deni la kaka. Aya moja inaweza kukupa vizazi vitatu. Kisha soma mipaka. Kama hati za zamani za mashamba ya pwani yetu, nazo hutaja majirani wa kila upande, na mara nyingi jirani ni shemeji au binamu. Nakili pia mashahidi wote.

Kuhusu tarehe, mwaka rasmi England ulianza Machi 25 hadi kalenda ilipobadilishwa mwaka 1752. Februari 1680 ya hati ni Februari 1681 kwetu. Nyaraka za mahakama na mabaraza ziliandikwa Kilatini hadi 1733, isipokuwa miaka ya 1650; hati za mauzo kwa kawaida ni Kiingereza. Wala usishtuke mtu yule yule akiitwa yeoman hapa na bwana kwingine. Cheo kilipanda na kushuka pamoja na mali. Linganisha mke, shamba na saini kabla ya kuamua kuwa ni watu wawili.

Na kama familia yenu bado ina bunda la hati hizo za ngozi, msizigawane kama kumbukumbu wala msiuze moja moja. Zina maana zikiwa pamoja, kwa mpangilio ule ule zilivyofungwa. Zipelekeni katika hifadhi ya kaunti ambako shamba lilikuwa, na ombeni nakala kwa kila mwanafamilia.