Ardhi za Waislamu zilivyolipia urafiki wa madola ya Ulaya



Muulize kijana yeyote aliyepita sekondari nini kilisababisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Atakujibu bila kusita: kuuawa kwa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria, mjini Sarajevo, Juni 28, 1914. Jibu hilo litampa maksi. Lakini halimwambii mrithi huyo wa Austria alikuwa akitafuta nini katika mji uliokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya kwa miaka 400 hivi, wenye misikiti na madrasa zake.

Jibu liko Berlin. Mwaka 1878, baada ya Urusi kuipiga vibaya Dola ya Uthmaniya, Kansela wa Ujerumani, Otto von Bismarck, aliyaita madola makubwa yakae kikao. Austria ikapewa idhini ya kuikalia Bosnia na Herzegovina. Uingereza ilikuwa imeshajipatia Cyprus kwa mkataba wa siri, siku chache tu kabla ya kikao kuanza. Ufaransa nayo ikadokezewa kwamba ikiitaka Tunisia, hakuna atakayeizuia. Ikaichukua mwaka 1881. Mwaka uliofuata Waingereza wakaingia Misri.

Sasa tazama mikataba ya urafiki ilivyofuatana na mgao huo. Ujerumani na Austria zilifunga mkataba wa kulindana mwaka 1879. Italia ikajiunga nazo mwaka 1882. Kwa nini Italia ikakubali kuwa upande mmoja na Austria, adui yake wa zamani? Ilikuwa na hasira na Ufaransa, iliyoiwahi Tunisia ambayo Waitalia nao walikuwa wakiimezea mate. Yaani ule Muungano wa Nchi Tatu tunaokaririshwa shuleni ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, ugomvi wa watu wawili juu ya nyumba ya mtu wa tatu.

Bismarck aliondolewa madarakani mwaka 1890, na mkataba wake wa siri na Urusi haukuhuishwa. Urusi ikageukia Ufaransa, na kufikia 1894 wakawa washirika. Mwaka huohuo wa 1890 na sisi wa mwambao tulipitiwa. Ujerumani iliiachia Uingereza Zanzibar na madai yake ya Witu, na katika mapatano hayo ikapata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Unguja na Pemba kwa jiwe la baharini!

Mwaka 1904 Uingereza na Ufaransa, mahasimu wa karne nyingi, zilipatana. Bei ya mapatano ilikuwa hii: Ufaransa haitaibughudhi Uingereza Misri, na Uingereza haitaizuia Ufaransa Morocco. Mwaka 1907 Uingereza ikapatana na Urusi, na Iran ikakatwa mafungu matatu: kaskazini ushawishi wa Mrusi, kusini mashariki wa Mwingereza, katikati pakaachwa. Wairani hawakuulizwa, na bunge lao lilikuwa ndiyo kwanza lina mwaka mmoja.

Hapa ndipo penye uchungu. Wapo Waislamu waliodhani wamepata rafiki. Kaiser Wilhelm II alizuru kaburi la Salahuddin mjini Damascus mwaka 1898 na kujitangaza kuwa rafiki wa Waislamu wa dunia nzima. Mwaka 1905 alitua Tangier na kuutetea uhuru wa Morocco. Maneno matamu. Lakini mwaka 1911, baada ya kupeleka manowari Agadir, Ujerumani ilikubali Ufaransa iichukue Morocco, nayo ikapewa kipande cha Kongo ya Wafaransa. Septemba mwaka huohuo, Italia, mshirika wa huyohuyo Kaiser, iliivamia Libya. Rafiki hakunyanyua kidole.

Pamoja na hayo, Agosti 2, 1914, mawaziri wachache mjini Istanbul walitia saini mkataba wa siri na Ujerumani. Tusiwahukumu kana kwamba walikuwa na njia nyingi. Waliwahi kubisha hodi Uingereza na Ufaransa, hawakufunguliwa. Urusi ilikuwa ikiitamani milango yao ya bahari. Na siku zilezile Uingereza ilizuia manowari mbili zilizojengwa kwake kwa fedha za Waturuki, zikiwamo zilizochangwa na wananchi. Kosa lao, kwa maoni yangu, lilianza kabla ya hapo: kila walipoumizwa na dola moja walikimbilia kivuli cha nyingine, wakati mikataba ya dola zote ilikuwa imeandikwa juu ya ardhi yao.

Novemba 14, 1914 jihadi ikatangazwa Istanbul dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Jihadi hiyo haikuihusu Ujerumani wala Austria, ambayo mwaka 1908 ilikuwa imeimeza Bosnia moja kwa moja. Na tangazo lilipotolewa, vita vya Tanga vilikuwa vimekwisha siku tisa kabla. Pale, chini ya maafisa wa Kijerumani, walipigana askari Waislamu wa bara letu. Upande wa pili, katika jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, walikuwamo Waislamu pia.