Msemo wa Kiingereza juu ya Mvua na Mikosi

Katika Kiingereza upo msemo usikikao sana maofisini na majumbani, nao ni huu: "It never rains but it pours." Autafsiriye neno kwa neno hupata maneno haya: "Mvua hainyeshi kamwe lakini inamiminika," nayo hayana kichwa wala miguu. Kinachomkwaza ni neno "but". Mwanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni "lakini", na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila katika Kiingereza cha zamani lilikuwa pia na maana ya "bila ya", na maana hiyo imesalia katika misemo. Basi tafsiri iliyo sawa ni hii: "Mvua hainyeshi bila ya kumiminika."

Maana ya ndani ni kwamba mikosi haiji mmoja mmoja. Tuseme karani amekatikiwa mnyororo wa baiskeli njiani. Akafika kazini amechelewa, akakaripiwa. Na jioni akapokea barua kwamba ng'ombe wake wa maziwa amekufa. Mwingereza akipatwa na hayo hutikisa kichwa na kuutamka msemo huo.

Waswahili husema, "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza." Methali hii inakaribia, lakini nyani hufa, na katika msemo wa Kiingereza hamna kifo. Autamkaye yu hai, pengine hata anacheka.

Huenda mkulima wa Ukambani akashangaa mvua kuitwa mkosi, maana kwake mvua ni baraka inayoombewa. Hata hivyo mwaka 1961 ulionyesha pande zote mbili. Ukame uliwaua ng'ombe wengi wa Wamasai, kisha mwishoni mwa mwaka ule ule mvua zikafurika Kenya, zikaharibu mashamba na barabara. Aliyeyaona hayo hakuhitaji mwalimu wa kumfafanulia msemo.

Tena si lazima jambo liwe baya. Mwaka 1726 kilichapwa London kijitabu cha mzaha ambacho jina lake lilianza kwa maneno karibu yayo hayo, nacho kilitaja vioja vilivyofika mjini kwa mfululizo, kama dubu mweupe na mwimbaji wa Kiitalia. Wamarekani nao husema, "When it rains, it pours." Kampuni ya chumvi ya Morton iliyachukua maneno hayo kwa matangazo yake, kujisifu kwamba chumvi yake humiminika hata wakati wa unyevu. Wenyeji wa pwani, ambao chumvi yao huganda chunguni masika yakiingia, wataelewa upesi.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni nani anayeutumia, na kwa nani. Mwenye shida huweza kuutumia juu ya shida zake mwenyewe. Lakini mtu aliyefiwa na mkewe, na mwezi uo huo nyumba yake ikaungua, akiandikiwa na rafiki yake "It never rains but it pours," atadhani anachezewa, kwa kuwa msemo huu ni mwepesi, na msiba wake ni mzito. Barua ya namna hiyo yaweza kuvunja urafiki wa miaka mingi, na mwandishi asijue sababu. Katika rambirambi Kiingereza kilicho wazi ndicho chenye adabu: "I was very sorry to hear of your loss," kisha ataje msaada anaoweza kuutoa na siku atakayofika.