Kupwelewa kwa Kiini: Istilahi ya Athari ya Mössbauer

Makala haya yanajadili jinsi msamiati wa mabaharia wa Kilwa na Lindi unavyoweza kufafanua athari ya Mössbauer, iliyogunduliwa mwaka 1958.

Kiini cha atomu kinapotoa mnururisho wa gama hurudi nyuma, mithili ya mtumbwi abiria anaporukia ufukoni. Nishati hupungua, na kiini cha pili hushindwa kuufyonza mnururisho huo. Kiini kilichoshikwa ndani ya fuwele huwa kama jahazi lililopwelewa: abiria huruka, nalo halisogei. Kuiita hali hii “bila msukumo” ni kupotosha, kwani msukumo haupotei. Huchukuliwa na fuwele nzima, kama ardhi ichukuavyo ule wa jahazi. Na kama maji yajaayo yaeleavyo chombo, joto likipanda viini vilivyopwelewa hupungua.

Manufaa yake ni makubwa. Usumaku wa ndani hupasua mistari ya spektra. Katika chuma-57 hupatikana sita. Kwa lanthanidi hutumika, miongoni mwa nyingine, europiamu-151 (keV 21.5), kwa aktinidi, neptuniamu-237 (keV 59.5). Katika oksidi ya europiamu, EuO, mpasuko wa kisumaku hudhihirika chini ya takriban kelvini 69, ambapo sumaku za atomu hujipanga upande mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza “kupwelewa” iwe istilahi ya dhana hii. Majina ya elementi yatoholewe. Dhana ipewe neno ambalo mwanafunzi anaweza kulifikiria.