Wanawake katika Ofisi za Elimu za Kikoloni: Somo Kutoka Lagos

Wanakampasi wenzangu, tukisoma historia ya elimu Afrika tunakutana na wakurugenzi, wakaguzi na wamisionari, karibu wote wanaume. Mimi huwa najiuliza: wanawake walikuwa wapi? Hebu tuitazame Nigeria.

Mwaka 1909 serikali ya kikoloni ilifungua King's College, Lagos, kwa ajili ya wavulana. Wasichana walisubiri hadi 1927 ndipo Queen's College ikafunguliwa. Miaka 18! Tena haikuja kwa hisani. Wanawake wa Lagos, akiwemo Oyinkan Abayomi, waliidai shule hiyo na kuichangishia fedha.

Mwaka 1925 Mwingereza Sylvia Leith-Ross aliteuliwa kuwa Msimamizi wa Kike wa Elimu. Kitazame cheo chenyewe. Hakuna aliyeitwa "mkurugenzi wa kiume". Neno "wa kike" lilimwekea mipaka: wewe shughulika na wasichana, mkurugenzi wa idara ni mwanaume.

Kikwazo kingine kilikuwa ndoa. Katika utumishi wa kikoloni, mwanamke akiolewa kwa kawaida aliacha kazi. Mwanaume akioa, aliendelea kupanda vyeo. Leith-Ross alikuwa mjane tangu 1908. Na mshahara je? Huko Uingereza kwenyewe, serikali ilikubali malipo sawa kwa watumishi wake wa kike mwaka 1955, tena kwa awamu.

Lakini tusiishie kumwonea huruma. Aliyebanwa na wanaume wa idara yake alikuwa bado na kauli juu ya wanawake Waafrika. Abayomi, aliyesoma Uingereza, alifundisha Queen's College tangu mwanzo, ila mkuu wa shule alikuwa Mwingereza. Kwa mwanamke Mwafrika, vizingiti vilikuwa viwili: jinsia na rangi. Hakunyamaza. Mwaka 1944 alianzisha chama cha wanawake wa Nigeria, kilichodai shule zaidi za wasichana na ajira serikalini.

Kwa hiyo, ukikutana na maneno "mwanamke wa kwanza" kwenye kitabu, uliza: mwanamke yupi? Alipewa mamlaka gani, na juu ya nani?

Swali hilo tulilete hapa kampasi pia. Kwenye serikali zetu za wanafunzi, sisi dada tunapewa wizara ya fedha, au kila mwaka ni jinsia na ustawi tu?