Twende Kilioni Ifike Harusini

Wadogo zangu, sogeeni. Mmoja akae hapa chini, katikati ya magoti yangu, kama tulivyokaa zamani kibarazani, maana mazungumzo ya nywele hayanogi bila chanuo mkononi.

Swali lenu nalijua kabla hamjalimaliza. "Dada, kesho nina harusi, hela ya saluni sina, kichwa kimesimama kama kichaka, nifanyeje?" Kesho! Kadi ya mchango uliletewa miezi mitatu iliyopita. Fundi umeshamlipa sare yako, viatu umevijaribu mbele ya kioo mara nne, zawadi imeshafungwa. Kichwa peke yake ndicho ulichokisahau, kana kwamba siku hiyo utakiacha nyumbani.

Sikusuti, mdogo wangu. Sote tumepita humo. Ila nataka nikuulize jambo moja. Ukipigiwa simu usiku ukaambiwa kuna msiba, unafanyaje? Unashika chanuo, unagawa nywele, unajisuka mistari mitano au sita minene kwenda nyuma, unajifunga kanga, unaondoka. Twende kilioni, jina lake linajieleza. Hakuna kioo kikubwa, hakuna msusi, na mkono wako hautetemeki hata kidogo. Sasa mkono huo huo ulioweza saa tisa za usiku, machozi yakikutoka, kwa nini unashindwa Jumamosi asubuhi yenye jua na furaha?

Nitakwambia. Msibani huendi kutazamwa. Harusini unajua macho yapo, na hofu ya macho ya watu ndiyo inayokufanya uudharau mkono wako mwenyewe.

Nayajua hayo kwa sababu yamenikuta. Mwaka mmoja nilialikwa harusi ya binti wa mama yangu mdogo, kule Morogoro, nikaona nisiende na kichwa cha nyumbani. Ijumaa jioni nikaenda kusukwa yeboyebo, ile inayopanda kuelekea utosini, na msusi akanivuta mpaka machozi yakanilengalenga. Nikamwambia ananiumiza. Akanijibu kwamba mwenye kutaka uzuri huvumilia. Nami kwa ujinga wangu nikanyamaza. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda changu kilikuwa kipya kweli. Usiku sikulala, kila nikigeuza kichwa kwenye mto naona nyota. Asubuhi nikameza dawa ya maumivu. Ukumbini watu wanapiga vigelegele, mimi nacheka kwa meno tu, maana nikicheka kwa uso mzima nahisi ngozi ya kichwa inapasuka. Picha zipo mpaka leo: wenzangu wanatabasamu, mimi nimetoa macho kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Na hilo lilikuwa dogo. Nilipofumua, pembeni mwa paji la uso pakabaki peupe. Nilitembea na kitambaa karibu mwaka mzima, na upande wa kushoto haujarudi kama ulivyokuwa.

Kwa hiyo kabla sijakufundisha kubana hata unywele mmoja, shika hili. Kila unywele umeota kwenye kishimo chake ndani ya ngozi. Ukiuvuta kwa nguvu, tena na tena, kishimo huvimba. Kichwa kitakwambia chenyewe: kitauma, vipele vidogo vitatokea kwenye mistari na pembeni, na vinywele vya mbele vitaanza kupukutika. Ukisikia mapema ukalegeza, nywele huota tena. Ukijifanya kiziwi miaka nenda miaka rudi, kishimo hufungwa na kovu, na hapo hakuna mafuta ya nazi wala ya nyonyo yatakayokifungua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wenyewe ndio huo wa paji lako.

Haya, tuanze kazi. Najua kuna mmoja ameshafungua mdomo aniambie kinyozi hajinyoi. Ni kweli, kisogo chako hukioni. Lakini kidole kinaona, na nyumbani hukosi mdogo wako, jirani, au binti wa shangazi wa kukushikia kioo cha pili. Mtihani wako hasa ni siku. Nywele za Jumamosi huanza Jumatano.

Jumatano osha. Tia kondishena, chanua zikiwa bado na maji, anzia nchani ukipanda kuelekea kwenye ngozi. Ukianzia juu utazikata, halafu utalia kwamba nywele zako hazikui. Alhamisi zigawe mafungu manane au kumi, paka mafuta kidogo, uzungushie uzi mweusi wa kusukia kila fungu kutoka shinani mpaka nchani. Bibi zetu hawakuwa na pasi ya nywele, lakini uzi waliujua. Unazinyoosha bila moto, na Jumamosi ukizifumua utashangaa ulikuwa na nywele ndefu kiasi gani. Kama uzi hukuwahi kujifunza, suka mabutu ya kawaida, kazi ni ile ile. Ijumaa lala na kitambaa laini kichwani, cha satini ukiwa nacho, kwa sababu pamba ya foronya hunyonya mafuta na kuzikwangua.

Na nakuomba, usifumue zikiwa mbichi! Hili wengi mnakosea kila mara. Unaziona zimekauka juu, ndani bado zina maji, unafumua kwa haraka, na kabla hujafika kituo cha daladala zimeshajikunja na kuvimba. Ndiyo maana hata pasi siiamini kwa harusi za Dar. Nywele za asili zilizonyooshwa kwa moto zikikutana na jasho na unyevu wa pwani hurudi zilikotoka, tena mbele ya kamera.

Jumamosi, mtindo wa kwanza ni huo huo wa msibani. Usinikunjie uso. Suka mistari yako mitano kwenda nyuma, minene, bila kuvuta. Kama kusukia chini hakukupendezi, zisokote tu mbili mbili ukizilaza kichwani, zinakaa vizuri vilevile. Mikia yote ikusanye kisogoni, ifunge kwa mpira uliovikwa kitambaa, izungushe iwe fundo, na uichomekee pini nne. Sasa pambo. Unakumbuka kile kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi? Kidai! Ni chako. Kikate utepe mwembamba, ukazungushie fundo. Kichwa na gauni vitasalimiana, na watu watadhani uliagiza. Hapo ndipo twende kilioni inapofika harusini.

Ukimaliza, kabla ya kuvaa gauni, fanya jaribio langu. Pandisha nyusi. Piga mwayo. Cheka kwa sauti kama umesikia umbea mzuri. Pakivuta popote, legeza papo hapo. Harusi huchukua saa saba, nane, na mtindo unaobana saa tisa alasiri utakuwa mateso saa nne usiku.

Mtindo wa pili ni wa mvivu mwenye bahati, nami ndio niupendao. Fumua uzi, zichambue kwa vidole tu, chanuo liweke mbali, kisha zibane zote utosini ziwe mpira mmoja mkubwa. Kamba nyeusi ya kiatu ni bora kuliko mpira mwembamba, kwa sababu unaipima unavyotaka, na haikati. Vinywele vya mbele vilaze kwa jeli kidogo na mswaki wa zamani. Nimesema kidogo. Ukipaka kama unapaka rangi ukuta, jasho likishuka jeli itakuja mpaka kwenye nyusi, na unga mweupe utabaki pembeni.

Wewe mwenye rasta kichwani, tena za wiki tatu, usikimbilie kuzifumua. Safisha mistari kwa kitambaa chenye maji, zigawe kushoto na kulia, sokota kila upande kuelekea nyuma, na uzikutanishe katika fundo la chini. Usizipandishe zote utosini. Rasta ni nzito, na uzito wote ukining'inia kwenye vinywele vya mbele utarudia kosa langu la Morogoro.

Wewe wa nywele za dawa, gawa mstari upande mmoja, zilaze, funga fundo shingoni, basi. Hakuna anayekosea hapo. Kosa lenu ni moja: kuweka dawa usiku wa kuamkia harusi. Dawa ile ni kali, na kichwa ulichokikuna mchana kitaungua jioni. Utakwenda kula pilau ya watu na vidonda vinavyochuruzika. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Iweke wiki moja au mbili kabla, au iache kabisa.

Na wewe uliyekata nywele mpaka zimekuwa fupi, mbona unajificha? Zipake mafuta zing'ae, vaa hereni kubwa, nyanyua shingo. Siku ikikataa kabisa, kuna kilemba. Kikunje vizuri, funga fundo mbele au pembeni, na ndani weka kitambaa laini ili kisiteleze wala kisikwangue. Lakini wigi la kuazima, hapana. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Utakapofika wakati wa kwenda kutoa zawadi kwa kucheza, wenzako watashika viuno, wewe utashika kichwa.

Wadogo zangu wa Unguja, Tanga na Mombasa, sikuwasahau. Nyinyi njiani mna buibui na mtandio, na nywele mnakuja kuzifunua ndani, wanawake kwa wanawake. Kwa hiyo mtindo wenu lazima uvumilie kufunikwa. Fundo la utosini litalala njiani, na ukifunua utakuta limekuwa chapati. Fundo la chini au msuko mmoja mnene mgongoni ndio wenu. Asumini ichume jioni, vitumba vikiwa bado vimefumba, uvitunge kwenye uzi kwa sindano, uzungushie fundo. Usiku vinafunguka, na harufu inatangulia mbele yako mlangoni. Ukipenda kufukiza udi, nywele ziwe kavu, na chetezo kikae mbali kidogo, moshi uje kwako. Usiinamie makaa na kichwa chenye mafuta, usije ukaingia harusini unanukia kuungua.

Sasa nirudi kwenye lile la siku, maana nakufahamu, utasikiliza yote halafu Jumamosi utafanya lako. Mtindo usioujua usiuanze siku ya harusi. Ulichokiona kwenye simu jana usiku, binti anazungusha nywele mara tatu zinakuwa ua, usikijaribu saa sita mchana wakati gari linapiga honi nje. Yule amekifanya mara nyingi kabla hajakionyesha. Ukikitaka, kijaribu Jumapili moja ambayo huna safari. Kikikataa, utacheka. Kikikataa siku ya harusi utakaa kitandani na gauni umevaa, mikono imechoka juu ya kichwa, unalia, na wanja wote mashavuni. Nimeona mabinti wawili wakikosa harusi ya rafiki yao kipenzi namna hiyo. Walikuwa na nauli, walikuwa na sare, na hawakuwa na ugonjwa wowote. Ni nywele tu. Bibi harusi alizunguka ukumbi akiwatafuta kwa macho, na mpaka leo hajasahau.

Na mkiwa na watoto, hayo ya kulegeza yaanze kwao. Mtoto wa miaka mitano hajui kupamba harusi ya mtu, anajua kichwa kinauma. Mbane mabutu mawili ya kulegea yenye utepe, acha akimbie kati ya viti.

Mwisho, shada la maua meupe la kuzunguka kichwa chote mwachie mwenye siku yake. Wewe ua moja, au utepe mmoja, linatosha. Umeitwa ukashuhudie, ule, ucheze, umshike mkono rafiki yako na umwambie hongera kwa uso uliolegea. Hilo haliwezekani ikiwa kichwa kinakupigia ngoma yake peke yake. Akitokea shangazi akakuuliza nani kakusuka, usitafute jina la saluni. Mwonyeshe hii mikono yako yenye vidole kumi.

Haya, Jumatano ikifika, inuka ukateke maji.