Mjomba anataka daktari, binti anataka mifugo

Shangazi, shikamoo. Nauza mahindi soko la Kibaigwa. Binti yangu wa miaka 17 amefaulu kidato cha nne: Baiolojia na Kemia C, Fizikia D. Anataka Chuo cha Mifugo Mpwapwa. Hapa mtaani yeye ndiye anayewachanja kuku wa majirani kideri. Kaka yangu wa Dodoma mjini, atakayenisaidia ada, amekataa katakata. Anasema ng'ombe hata asiyesoma anachunga. Aende kidato cha tano, kisha UDOM, awe daktari. Mtoto amenuna, hasemi na mtu. Nifanyeje?
Mama G., Kibaigwa

Marahaba, mwanangu. Nianze na kaka yako, maana ndiye mwenye fedha. Anamtakia mpwa wake mema, ila ameruka hatua. Kutoka kidato cha sita, udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Kwa D ya Fizikia, hata kuipata kombi hiyo ni shughuli. Akipangiwa CBG, isiyo na Fizikia, njia ya udaktari anayoisema mjomba imeishia hapo. Mwulize kama hilo analijua.

Sasa binti. Mtoto ambaye majirani wanamkabidhi kuku wao awadondoshee chanjo machoni ameshaanza kazi, bado cheti tu. Ninyi wa wilaya ya Kongwa mnazo habari za karanga: mwaka 1947 Waingereza walishusha matrekta, maana kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Udongo ulikauka ukagoma kulimika, mvua ikawa ya kubahatisha, na 1951 mradi ukafa. Leo Kongwa ina ranchi ya ng'ombe. Kaka yako naye ana matrekta, yaani ada, udongo hajaupima.

Tena Mpwapwa si mwisho wa safari. Akimaliza stashahada kwa GPA isiyopungua 3.0, ametimiza kiwango cha chini cha TCU cha kuombea shahada. SUA, Morogoro, wanafundisha tiba ya mifugo, ingawa ushindani ni mkali na GPA ya juu zaidi itamfaa. Anayehitimu pale anaitwa daktari, mwambie kaka yako taratibu.

Lakini nisikudanganye, kupenda kuku hakutoshi. Nendeni Mpwapwa siku ya masomo, si siku ya mahafali. Acheni ofisi kwanza, mkae na wanafunzi wanapokula. Waulizeni wanashika mnyama mara ngapi kwa wiki, fedha za mafunzo ya vitendo anatoa nani, na waliotangulia wako wapi: halmashauri, ranchi, duka la dawa za mifugo, au nyumbani? Ajira ya serikali msiihesabu mfukoni. Ofisini ulizeni usajili wa NACTVET, na kama kozi hiyo imo kwenye mikopo ya stashahada. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya fani za ngazi hiyo mwaka wa masomo 2023/24.

Mkirudi, mpelekeni UDOM pia, akatembee kutoka ndaki moja hadi nyingine juani, aone ukubwa wake. Binti atasema mwenyewe. Fanyeni haraka, kwa sababu TAMISEMI wakifungua dirisha la kubadilisha machaguo, halikai wazi muda mrefu.

Nauli ya safari zote mbili mwombe mjomba, na yeye mwenyewe awe kwenye basi.